Metro isiyo na dereva: anza na mipaka ya kazi

Ukipangiwa mradi wa metro (treni za abiria za mjini) isiyo na dereva kwa ubia wa serikali na sekta binafsi, utakimbilia treni kwanza. Nami nilifanya hivyo. Leo ningekuomba ufungue kile kiambatisho kirefu cha mkataba ambacho wengi hukiruka: nani anajenga nini, anamkabidhi nani, lini, na kikiwa katika hali gani.

Chukua mlango wa jukwaani. Hakuna dereva wa kuona aliyeanguka relini, kwa hiyo njia nyingi za aina hii huweka milango ukingoni mwa jukwaa. Nyingine hutegemea vihisio. Mlango huo lazima ulingane na wa treni, na kosa linalovumilika ni dogo mno. Sasa hesabu mikono iliyomo: zege ni la mkandarasi wa ujenzi, milango ni ya kampuni nyingine, breki ni za mtengenezaji wa treni, na amri ya kufungua inatoka kwenye mfumo wa ishara, ule unaoongoza mwendo wa treni.

Katika mradi wangu wa kwanza ukingo wa jukwaa moja ulikuwa umepinda kidogo. Kwa vipimo vya ujenzi ulikuwa umepita. Kwa fremu za milango haukufaa kabisa. Tulikaa mezani wiki sita, kila upande na karatasi zake, na kila karatasi ilikuwa sahihi. Iliniuma sana, maana sentensi moja tu ingetuokoa: kipimo cha ukingo kiwekwe na mwenye milango, kabla zege halijamwagwa. Zitafute sentensi za namna hiyo mapema, ukizikosa piga kelele.

Kwenye Njia ya 4 ya metro ya São Paulo, Brazil, mkataba wa ubia ulitiwa saini 2006. Serikali ya jimbo ilibeba mahandaki na vituo; mbia wa sekta binafsi, kampuni ya ViaQuatro, akaleta treni na mifumo, na ndiye anayeendesha. Abiria walianza kupanda 2010 kwa vituo viwili tu, na kituo cha Vila Sônia kikafunguliwa 2021. Mbia anayetegemea abiria hana budi kujua atapata nini kituo cha mwenzake kikichelewa.

Suala la abiria ndilo huangusha miradi. PUTRA, njia ya metro ya Kuala Lumpur, Malaysia, iliyoanza 1998, ilijiendesha vizuri bila dereva, lakini nauli hazikutosha kulipa mikopo, na serikali ikaichukua. Kwenye Canada Line, njia ya metro ya Vancouver, Kanada, iliyofunguliwa 2009, malipo ya mbia wakati wa uendeshaji hufuata zaidi upatikanaji (treni kuwepo kama ilivyoahidiwa) na ubora wa huduma. Idadi ya abiria ina uzito mdogo. Naupenda zaidi mfumo huu, kwa sharti kwamba mkataba uwe umeeleza treni “imechelewa” lini, na abiria akizuia mlango kwa begi kosa linaandikwa kwa nani.

Usikubali pia muda wa majaribio ufidie ucheleweshaji wa ujenzi. Wakopeshaji watashinikiza tarehe ya ufunguzi isisogezwe, na treni tupu ikizunguka usiku kucha itaonekana kama hasara. Nenda kituoni usiku huo. Simama jukwaani, hesabu treni inakosea alama ya kusimama mara ngapi, kisha asubuhi uingie kikaoni na daftari lako.