Barua kwa Bibi Mhariri: Hekalu la sayari ya mbali

Toleo lililopita niliwaomba mnaoandika hadithi za anga mniletee maswali. Barua zimekuja za kutosha, na karibu kila moja ina hekalu la kale ndani yake, sijui mmeambizana. Nimechagua nne na kuzipunguza, maana vijana wa siku hizi mmegundua upya salamu ndefu.

Shikamoo Bibi. Niko Morogoro. Naandika hadithi ya wanaanga wanaotua sayari ya Kizuka na kukuta hekalu lililojengwa na viumbe wasiojulikana. Nimeweka nguzo za kioo cheusi, mwanga wa buluu unaotoka ardhini na sauti ya kuvuma. Rafiki zangu wakishasoma husema "si mbaya" kisha wanarudi kwenye habari za Simba na Yanga. Nifanyeje hekalu litishe?

Marahaba mwanangu. Nimesoma kurasa ulizoambatanisha. Hekalu lako nimelizunguka lote na sikuona pa kukaa wala pa kuteka maji. Nani alikuwa akifagia? Waliokuja kuomba waliingilia wapi, na walishika nini mkononi? Umejenga jumba halafu ukasahau kulihamishia watu, ndiyo maana msomaji haogopi. Ataogopa nini, na hakuna mwenyewe?

Ukipata nauli nenda Gedi, karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Ni mji wa mawe ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaumeza. Mizizi ya miti imekumbatia kuta za matumbawe hadi hujui kipi kinamshika mwenzake. Anayeingia hupunguza sauti bila kuambiwa. James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna mtu nyuma ya kuta anamwangalia, si kwa uadui wala kwa urafiki, anangoja tu. Na huyo ni mtaalamu, mtu wa kupima na kuandika.

Sasa tazama wachimbaji walivyozipa nyumba za Gedi majina. Wenyeji wake hawakuacha orodha ya nani alikaa wapi, kwa hiyo kila nyumba ikaitwa kwa kitu kilichookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Mkasi mmoja, na nyumba nzima ikapata mtu: tayari nauliza alikuwa akikata nini siku ya mwisho. Wanaanga wako nao wafanye hivyo hivyo. Wasiite "Ukumbi Mkuu wa Nguzo." Waokote kitu kidogo wasichokijua matumizi yake, wakipe chumba jina lake, na jina hilo liwakae kooni kurasa zote zinazofuata.

Kuna pia kaburi moja pale Gedi lililoandikwa mwaka, 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe hiyo moja imewasaidia wataalamu kukisia umri wa majengo ya jirani. Nawe weka alama moja tu ya namna hiyo. Hekalu lako limeandikwa kutoka sakafu hadi dari, na mwanaanga wako Rajabu anasoma yote baada ya dakika kumi na kompyuta yake. Mnyang'anye hiyo kompyuta.

Kioo cheusi nakiruhusu, kwa sharti ujue kilikotoka. Kipo kweli: ni jiwe la volkano lililopoa haraka, na huko Naivasha watu wa kale walilichonga visu na ncha za mishale. Kwa hiyo Kizuka iwe na volkano, mahali palipochimbwa jiwe, na njia ya kulibebea. Na kioo hicho kikichongwa hutoa mabanzi makali kuliko wembe. Basi Rajabu asianze kwa kuona nguzo. Aanze kwa kusikia kitu kinakwaruza chini ya kiatu, ainame na tochi, akute mabanzi meusi yametapakaa, mengine yamefagiliwa pembeni mwa ukuta kwa mstari ulionyooka. Kuna aliyefagia! Hapo mimi ningefunga mlango wa chumba changu.

Halafu mwiko. Hekalu lako halina mwiko hata mmoja, watu wanaingia na buti na kupiga picha. Sisi wa Tanga tumekulia karibu na mapango ya Amboni, na tunajua chumba watu wanachopelekea sadaka zao. Ukikuta chupa ya marashi imewekwa juu ya jiwe, sarafu kadhaa na kitambaa, hakuna haja ya mwanga wa buluu. Mkono unakataa wenyewe kugusa. Kule Kwale, ukienda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu, unafungwa kaniki kiunoni kabla hujaingia, na humo ndani hutoki na hata jani. Misitu hiyo ya kaya za Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na kilichoitunza miaka yote kabla ya hapo ni makatazo ya wazee. Tunga makatazo ya Kizuka, matatu yanatosha, usimweleze msomaji hata moja. Mwonyeshe tu njia inayozunguka jiwe fulani kwa mbali, imelika kwa kupitwa, na katikati pakavu hapana hata unyayo. Rajabu akate katikati. Msomaji atapiga kelele kabla yake.

Ile sauti ya kuvuma iondoe kabisa.

Salamu Bibi Mhariri. Ni mwalimu wa sayansi, Kisumu. Wanafunzi wangu wameona video za "uso" wa sayari ya Mirihi na wanasema ni hekalu la viumbe wa kale, na kwamba Wamarekani wanaficha. Nimewaambia ni uongo, hawakunisikiliza. Niwajibu vipi?

Mwalimu, ukiwaambia watoto "ni uongo" umewapa sababu ya kuamini. Wape hadithi yenyewe, ni nzuri kuliko ya video.

Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Wamarekani, Viking 1, kilikuwa kinaizunguka Mirihi na kuipiga picha, kikitafuta mahali salama pa kutua pacha wake, Viking 2. Kikapita juu ya eneo la Cydonia wakati jua limeinama na vivuli ni virefu. Picha za wakati huo zilikuwa hafifu, kila nukta ilibeba zaidi ya mita 40 za ardhi. Humo likaonekana pande la mlima lenye macho mawili, pua na mdomo, limetazama juu. Vilevile baadhi ya taarifa zilipotea njiani zikaacha madoa meusi kwenye picha, na doa moja likaangukia palepale panapotakiwa tundu la pua! Hata mchoraji asingepanga hivyo.

Kuhusu kuficha: NASA, shirika la anga la Marekani, ndio walioitoa picha hiyo hadharani siku chache baadaye, na maelezo chini yake yalisema uso umefanywa na vivuli. Anayeficha kitu hakibandiki gazetini. Lakini maelezo yalisahauliwa, picha ikabaki. Vikaandikwa vitabu, mlima ukawa kaburi la mfalme, vilima vya jirani vikawa piramidi na mji.

Mwaka 1998 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikapita, na mwaka 2001 kikapiga picha ambayo nukta moja ni chini ya mita 2. Ukaonekana mlima wa kilele bapa, umemomonyoka, upana wake kilomita kama 2. Macho yamekwisha, pua imekwisha.

Na haikuwa mara ya mwisho. Desemba 2021 kigari cha Wachina, Yutu-2, kilionyesha kitu cha mraba kwenye upeo wa Mwezi na watu wakakiita kibanda cha ajabu. Kigari kikasogea polepole, na Januari 2022 kikakuta kijiwe. Mei 2022 ikaja zamu ya "mlango" wa Mirihi uliopigwa picha na kigari cha Wamarekani, Curiosity, mlango kweli kweli umechongwa kwenye mwamba, hadi waliposema urefu wake: sentimita 30 hivi. Labda wa paka.

Darasani fanya hivi. Mpe kila kikundi donge la udongo wa mfinyanzi, walibonyeze ovyo bila kuchonga sura. Funga madirisha, wamulike kwa tochi kutoka ubavuni, karibu na meza, wapige picha kwa simu ya bei rahisi kabisa shuleni wakiwa mbali. Kisha tochi ipande juu ya donge, wapige tena. Watapata nyuso kwenye picha za kwanza, nakuahidi, na watagombana ni ya nani. Macho yetu yamezoea kutafuta uso tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Ukiwaonyesha baada ya hapo picha za 1976 na 2001 huna haja ya kuhutubia.

Ila usiwakataze kuandika hadithi ya huo mlima. Mmoja wao huenda akaniandikia mimi.

Shikamoo Bibi. Mimi ni msichana wa Wete, Pemba. Wasafiri wangu wanafika sayari ya nyota nyingine kwa wiki mbili, roketi ya kawaida. Kaka yangu ananicheka. Umbali ukoje hasa? Na hekalu liwe upande gani wa sayari?

Marahaba bibi mdogo. Kaka yako amecheka kwa haki, ila amekosa adabu.

Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua ni Proxima Centauri, na mwaka 2016 wataalamu wa nyota walitangaza kwamba ina sayari, Proxima b. Nuru yenyewe inachukua miaka 4.2 kufika huko. Chombo cha angani Voyager 1, kwa mwendo wake wa kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwenda umbali huo. Kwa hiyo chagua: ama buni chombo ambacho hakipo na ukitaje bila haya, ama wasafiri wako wawe kizazi kilichozaliwa safarini, kinachomuomba Mungu kwa kutazama dirisha. Mimi ningechukua hili la pili.

Swali lako la upande gani ndilo limenifurahisha. Proxima b inaizunguka nyota yake kwa siku 11 tu, iko karibu mno, na sayari iliyo karibu hivyo huelekea kugeuzwa upande mmoja tu kwenye jua lake, kama Mwezi unavyotugeuzia uso ule ule. Upande mmoja mchana wa milele, mwingine usiku wa milele, na katikati ukanda wa machweo yasiyokwisha. Waumini wako wanajua saa ya ibada kwa nini, na jua halichomozi wala halizami? Hapo ndipo hadithi yako ilipo, mwanangu, acha roketi.

Ukitaka msaada, hamia mfumo wa TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu kama Proxima, miaka 40 ya nuru kutoka hapa. Una sayari 7 zimebanana kiasi kwamba ukisimama kwenye moja, jirani zake wakipita wanaweza kuonekana wakubwa kuliko Mwezi wetu angani. Hekalu likijengwa kwenye ukanda wa machweo, na tundu ukutani linalopata nuru ya sayari jirani fulani ikipita tu, umepata kalenda, sikukuu na fundi aliyejua hesabu. Na hizi nyota ndogo nyekundu zina hasira, hulipuka na kumwaga mionzi, Proxima hasa. Basi sehemu takatifu iwe chini ya ardhi, ngazi zimelika upande mmoja tu, ule wa ukuta, kwa sababu walioshuka walikuwa wanapapasa.

Kaka yako mpe asome sura hiyo kwanza.

Bibi, niko Muscat, nimezaliwa Unguja. Mama amesoma sura yangu ya kwanza akasema naeneza ushirikina, eti kwa nini viumbe wangu wanaabudu jiwe. Pili, mwishoni nimtaje aliyejenga hekalu, au nifiche?

Mama msikilize, hasa ukiwa unakaa kwake. Lakini mweleze kwamba anayeabudu jiwe ni mhusika, na mwandishi kazi yake ni kumwonyesha kwa haki, ili anayesoma ajue kwa nini kiumbe mwenye akili timamu alipanda mlima ule na mzigo mgongoni. Wazee wetu wamesimulia majini na mazimwi vibarazani baada ya swala ya isha na hawakutoka katika dini. Sura yako ina kosa jingine, na huenda ndilo lililomkera: umewafanya waabudu hao wajinga. Wanacheza ngoma, wanapiga kelele, wanakimbia. Mpe mmoja wao shaka. Mpe mwingine mtoto mgonjwa.

Kuhusu kutaja aliyejenga: katika rasimu yako anatajwa ukurasa wa mwisho, ni binadamu wa zamani waliosahauliwa. Nimepokea mwisho huo kutoka kwa watu wengi mno mwaka huu, ufute. Mwenye hekalu asitajwe jina, lakini tujue alikuwa na kimo gani kutokana na kina cha ngazi, alishika vitu kwa vidole vingapi kutokana na vipini, na alipoondoka alifunga mlango kwa nje au kwa ndani. Hilo la mlango amua leo hii kabla hujaandika neno jingine, maana naona sura ya tatu umefunga kwa ndani na ya tano kwa nje.