Kadi za ng'ambo, unyevu wa kwetu

Kijana wa duka la kubadilishia fedha aliigeuza kadi yangu ya kukusanya, ya picha ya mwanamichezo wa zamani, mara mbili chini ya taa ile ya zambarau wanayokagulia dola, kisha akanirudishia kwa ncha ya kidole. "Kaka, hii ingekuwa noti nisingeichukua." Nikainama kutazama. Kadi nzima ilikuwa inawaka weupe wa kibuluu, kama kanzu ya Ijumaa iliyotoka kufuliwa.

Ilikuwa picha ya Jesse Owens, mkimbiaji wa Marekani, ile iliyotolewa Ujerumani kwa ajili ya albamu ya Olimpiki za 1936. Wavutaji sigara walikusanya kuponi, wakazibadilisha kwa picha na kuzibandika kwenye vitabu viwili vikubwa. Owens alichukua dhahabu nne katika michezo ya Berlin, kwa hiyo picha yake hutafutwa sana, na kwa sababu hiyo hiyo hughushiwa sana. Mie niliilipia dola 60. Karatasi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazikutiwa ile dawa ya kung'arisha weupe. Ilianza kuenea viwandani baada ya vita, na ndiyo iliyomo hadi leo kwenye sabuni za unga. Kadi ya 1936 ikiwekwa chini ya taa hiyo inabaki imepoa, rangi ya maziwa yaliyolala. Yangu iliwaka.

Tangu siku ile kila kadi ya kabla ya vita hupitia kwa yule kijana kabla sijaisifia kwa mtu. Hatozi kitu. Ila taa hii ina mipaka yake. Kadi ya 1970 ikiwaka si kosa, dawa ilishakuwepo. Na isiyowaka haijathibitika kuwa halali, maana wapo wanaochapa juu ya karatasi kuukuu. Hapo shika kioo cha kukuzia uangalie maandishi, achana na sura ya mchezaji. Kwenye kadi za zamani zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara herufi zimejaa wino, kingo zake nzima. Kadi iliyopigwa picha ikachapwa upya, herufi zake nyingi zinavunjika kuwa nukta nukta kama mchanga.

Mie ni mtu wa Ng'ambo, mtaa wa Michenzani hapa mjini Unguja, kwa hiyo kadi zangu husafiri kutoka ng'ambo kuja Ng'ambo. Wengi huniuliza nianzie wapi, na swali lao la pili huwa ni faida. Kweli, mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya 1952 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 12.6. Lakini huyo ni mcheza besiboli. Hapa kwetu nani amewahi kusimama barazani akabishana juu ya Mickey Mantle? Kadi usiyoweza kuisimulia utaichoka baada ya wiki mbili, na siku ukitaka kuiuza hutajua hata kama umepunjwa.

Anza na mtu ambaye wazee wako walimjadili. Mie nilianza na Eusébio kwa sababu ya ami yangu. Eusébio alizaliwa Msumbiji, jirani zetu hapo kusini, akaenda kuichezea Benfica na timu ya taifa ya Ureno. Kombe la Dunia la 1966 alifunga mabao tisa, manne kati yake katika mechi moja dhidi ya Korea Kaskazini, Ureno walipotoka nyuma kwa matatu wakashinda 5–3. Wareno walikuwa na kadi nyembamba zilizofungwa pamoja na peremende, na watoto walikula tamu wakabandika karatasi. Nyingi zina alama za sukari au gundi ya unga nyuma. Usizidharau kwa hilo, maana ndivyo zilivyotumika. Kadi ya peremende ya miaka ya 1960 iliyo safi kama imetoka kiwandani jana ndiyo inayonitia wasiwasi.

Ukitoka hapo kuna stika za Panini. Ni kampuni ya Modena, Italia, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Mie natafuta za Afrika tu: Morocco ya 1970, Zaire ya 1974, Cameroon ya 1982 iliyotoka sare mechi zote tatu, ikiwemo 1–1 na Italia waliokuja kuchukua kombe. Hapa Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara walingoja hadi miaka ya 1990, kwa hiyo mzee akikwambia anakumbuka rangi ya jezi usidhani anajigamba. Stika hizi zina jambo moja linaloniudhi na kunivutia kwa wakati mmoja: kwenye albamu za miaka hiyo utakuta timu zilizohesabiwa ndogo zimebanwa wachezaji wawili katika stika moja, nusu kwa nusu, kama abiria wa daladala.

Filbert Bayi namtafuta bado. Mtu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa 3:32.2, haiwezekani asiwe na karatasi yake mahali fulani Ulaya.

Kutafuta kwenyewe kunataka lugha. Ukiandika kwa Kiingereza peke yake utapelekwa kwa wafanyabiashara wanaojua bei. Mtaliano anaiita figurina, Mreno anaiita cromo, Mjerumani Sammelbild. Andika neno hilo pamoja na jina la mchezaji na mwaka, uone vitu vinavyotolewa na watu wanaosafisha dari la nyumba ya babu yao. Mtumie muuzaji ujumbe kwa lugha yake, hata kama umesaidiwa na simu kutafsiri. Muombe picha ya nyuma ya kadi na ya pembe zote nne, na kadi ikiwa ya bei, muombe aipige picha ikiwa juu ya rula. Wapo wanaokata kingo zilizochakaa ili kadi ionekane mpya, na rula haioni haya.

Za sigara za Uingereza ndizo rahisi kwa anayeanza. Kampuni kama John Player & Sons ya Nottingham na Wills ya Bristol zilitia kadi ndani ya pakiti ili isipondeke, na ili mvutaji arudi dukani kukamilisha seti, mara nyingi ya kadi 50. Zilichapwa kwa mamilioni mpaka 1940, vita vilipoleta uhaba wa karatasi. Kwa kuwa ni nyingi, bei ya seti nzima hukaribia bei ya viatu. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya wacheza kriketi ya Player's ya 1938, na Don Bradman, yule mpigaji maarufu wa Australia, yumo. Nililipa pauni 28.

Na seti hiyo niliiua mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Malindi ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe ya bibi. Nilizipanga kadi zote 50, moja juu ya mwenzake, nikazitia kwenye kopo la biskuti, nikalifunga kwa nguvu, nikaliweka kwenye kasha lililoegemea ukuta. Nilijiona mjanja. Kilichonipita ni kwamba kadi nyingi za Player's za miaka ile zina gundi nyuma, kama stempu, ya kulowesha kwa ulimi na kubandika kwenye albamu. Na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unakunywa maji ya mvua kama sifongo. Ilikuwa Aprili. Nilipofungua kopo mwezi wa sita nilitoa tofali. Kadi 50 zimekuwa kitu kimoja, kingo zake zina koga ya kijani, na harufu yake ni ya kabati la maiti. Nikajaribu kuzitenganisha kwa ukucha. Bradman akabanduka, uso wake ukabaki mgongoni mwa mwenzake wa juu.

Mama alinihurumia. Kwa seti iliyofuata alinitilia karafuu kavu ndani ya boksi, kiganja kizima, kama anavyotia kwenye nguo ili wadudu wasiguse. Wadudu hawakugusa kweli. Lakini karafuu ina mafuta, na kila punje iliyolalia kadi iliacha doa la kahawia la ukubwa wake. Nina mchezaji mmoja mwenye punje ya karafuu katikati ya paji la uso. Sijamwambia mama.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa visiwani ni huu: kabla hujanunua kadi, nunua mahali pa kuiweka. Kopo lisilopitisha hewa halizuii unyevu uliokwisha kuingia, linaufungia ndani. Chukua boksi la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mpira kwenye mfuniko. Kila kadi ivae kifuko chake cha plastiki, iwe peke yake, hasa yenye gundi. Usinunue zile albamu za plastiki laini zenye harufu kali zinazouzwa kwa ajili ya picha za harusi. Plastiki ile inatoa mafuta taratibu, wino unahamia kwake, na siku ukiitoa kadi nusu ya jezi inabaki kwenye albamu. Plastiki nzuri haina harufu na hulia kidogo ukiikunja.

Ndani ya boksi tia vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu. Vinakuja bure kwenye maboksi ya viatu, lakini hivyo mara nyingi vimeshashiba. Afadhali ununue zile chembe zinazobadilika rangi, uone kwa macho zikijaa. Zikishajaa unazikausha juu ya moto mdogo huku unakoroga mpaka rangi irudi. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni; zile za buluu zina sumu. Weka na kipima unyevu kidogo, kile cha duara. Chumbani kwangu wakati wa masika kinasoma asilimia 85, ndani ya boksi najaribu kisipite 50. Boksi likae juu ya kabati, mbali na ukuta, mbali na dirisha la upande wa jua. Na usianike kadi juani kuikausha. Inajikunja kama sambusa na rangi inakwenda.

Kuhusu posta sina maneno mengi. Nyumba zetu nyingi hazina namba ambayo mtu wa Lisbon ataielewa, kwa hiyo tumia sanduku la posta na uandike namba ya simu juu ya bahasha. Dai namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Muuzaji asipoweza kukupa hiyo, kadi ya zaidi ya dola 20 usiichukue. Subiri ukusanye kadi nne au tano kwa muuzaji mmoja zije kwenye bahasha moja, maana nauli ya kadi moja mara nyingi inaizidi kadi yenyewe. Na mwambie asiguse kadi kwa gundi ya utepe wala asiifunge kwa mpira. Joto la njiani linayeyusha vyote viwili.

Eusébio wangu alifika Januari, wakati wa kaskazi, hewa kavu kidogo. Nikampelekea ami kabla sijaitia kwenye boksi. Akaishika kwa kingo bila kuambiwa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaomba miwani.

"Huyu alilia," akasema. "Walipofungwa na Waingereza, nusu fainali. Mbili moja. Tulisikia redioni kwamba analia, na sisi tukanyamaza hapa."

Akaigeuza akaona alama ya gundi ya unga nyuma, akaikwangua kwa ukucha kabla sijamzuia.

"Umelipa kiasi gani?"

"Elfu tano, ami."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi niachie hii, ununue nyengine."