Mama Mwema Aliyekula Hela za Kikoba

Je, mtu anayetenda dhambi anaweza kuwa mtu mwema? Ukiniuliza kwenye semina ya akina mama nitakujibu chapuchapu: kama haiwezekani, basi hakuna wa kuitwa mwema, maana wote tunatenda. Sisi Walutheri tumefundishwa hivyo tangu kipaimara, kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba lile jema alipendalo halitendi, bali lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii aliyeuliza. Anayeuliza huwa ana mtu wake kichwani. Ana mume, ana dada, ana mweka hazina wa kikundi, na anataka kujua kesho akikutana naye pale Mbuyuni sokoni atamsalimia vipi.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Moshi mjini, nimekaa vikao vingi vya usuluhishi, vya kanisani na vya ukoo. Nitasema niliyoyaona.

Mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa hela, alikuwa mama ambaye ukiuguliwa usiku, yeye ndiye wa kwanza kumpigia simu. Atakuja na kanga begani na chupa ya chai, atapanda na wewe bajaji hadi hospitali ya KCMC, atakaa na wewe kwenye benchi mpaka kunakucha. Msibani ndiye wa kusimamia masufuria, na hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyewahi kupita mlangoni kwake na njaa. Sasa sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinatakiwa zikae kwa watu watatu tofauti. Kazi ya zile kufuli ni hiyo tu. Lakini mshika ufunguo mmoja alikuwa haishi safari za Dar, mwingine akaona usumbufu, mwisho funguo zote zikalala kwa mama yetu, kwa kuwa ni mtu mwema.

Ikafika Desemba, siku ya kuvunja kikoba na kugawana akiba. Watu wanangoja hela ya sikukuu na ada ya Januari. Sanduku likafunguliwa, hela zikahesabiwa juu ya meza, zikarudiwa kuhesabiwa, milioni moja na ushee haionekani. Alizitumbukiza kwenye belo la mitumba Kiboriloni akitegemea kuzirudisha kabla siku haijafika, belo likatoka nguo za hovyo. Alisema mwenyewe, pale pale, kabla hajaulizwa mara ya pili.

Hapo kikundi kikagawanyika. Wa kwanza wakasema wema wote ule ulikuwa geresha, mnafiki mkubwa, alikuwa anatutengeneza. Wa pili wakasema jamani, huyu si ndiye aliyemuuguza mama yako? Tumsamehe yaishe, Krismasi hii. Mimi naona kambi zote mbili zilikuwa zinafanya jambo moja: zinataka hesabu moja iimeze nyingine. Ile chai ya KCMC ilikuwa chai ya kweli, mgonjwa aliinywa. Na ile milioni ilikuwa milioni ya kweli, kuna mtoto alichelewa kuripoti shule kwa sababu yake. Ukifuta mojawapo, umedanganya.

Baada ya siku chache shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alishuka kutoka Kibosho na isale mkononi. Kwa asiyejua mila zetu, isale ni jani refu la kijani, na Mchaga akikujia nalo kuomba radhi, huna ubavu wa kumfukuza. Tulikuwa tumekaa uani. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote kikundini, alinyoosha mikono akalipokea vizuri kabisa, akaliweka mapajani, akasema, "Baba, isale tumelipokea. Roho zetu zimetulia. Sasa tuambie, hela zinaanza kurudi lini?"

Watu waliinamisha vichwa kwa aibu. Mimi nilitaka kumkumbatia yule bibi. Somo la toba alilolitoa pale ni zuri kuliko mahubiri mengi niliyokaa kuyasikiliza. Zakayo, ukisoma Luka 19, hakuishia kusema samahani Bwana. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mwenzetu wa Pasua ambaye ni Mwislamu alisema hata kwao iko hivyo: kuacha kosa, kulijutia na kuazimia kutorudia kunatosha kama ni baina yako na Mungu, lakini ukishika haki ya mtu, toba haikamiliki mpaka uirudishe au mwenyewe akusamehe. Akaongeza na hadithi ya Mtume, kwamba kila mwanadamu ni mkosaji, na wabora wa wakosaji ni wale wanaotubia. Wakatoliki nao wana malipizi baada ya kuungama. Kumbe majirani wote wa Moshi tumefundishwa kitu kilekile, ila ikifika zamu ya mtu tunayempenda tunataka kuruka kipengele cha kulipa.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye mtu kama huyu: usianze na kuamua kama ni mwema au mbaya. Angalia anafanya nini baada ya kugundulika. Anataja kosa kwa jina lake, au anasema "shetani alinipitia"? Analipa bila kukumbushwa, au ukimdai anageuka yeye ndiye mwonewa? Mama yetu alianza kuleta elfu ishirini ishirini, nyingine za vitumbua. Wiki akikosa, anakuja mwenyewe kusema amekosa.

La pili, kusamehe na kumrudishia funguo ni mambo mawili. Tumemsamehe, na hatashika tena sanduku. Wapo walioona huo ni unafiki wetu, eti kama mmesamehe mbona hammwamini. Daudi alisamehewa ile habari ya Bathsheba na mumewe Uria, Nathani akamtamkia wazi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado sura hiyohiyo inasema upanga hautaondoka nyumbani mwake. Kumlinda mtu na jaribu lililomshinda ni kumpenda. Isitoshe, hata kabla hajachukua, hatukuwa na haki ya kumrundikia funguo zote kwa sababu ya tabia yake. Kufuli tatu ziliwekwa kwa ajili ya watu wema.

Halafu kuna dhambi tunazozipa uzito usio wake. Hapa nitawaudhi wenzangu. Kwa miaka yote nimeona wanaosimama mbele ya usharika kutubu na kurudi kundini, wengi ni mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Sijaona hata mmoja aliyerudi kundini kwa kupunja mizani, au kwa kung'oa masale ya mpaka usiku na kumega kihamba, yaani shamba la urithi, cha mjane wa kaka yake. Naam, masale hayohayo tunayoombea radhi ndiyo yanayoshika mipaka ya vihamba vyetu, na wapo wanaoyasogeza hatua kwa hatua kila msimu, halafu Jumapili wanakaa benchi la mbele. Mtaani kwetu kuna mlevi, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikiisha anahamia kwenye gongo, lakini kaburi likitakiwa kuchimbwa anafika na sururu yake kabla ya ndugu wa marehemu, na hajawahi kuchukua cha mtu. Simtetei ulevi wake, unamla ini na unawaibia wanawe baba. Ila nikiambiwa nichague jirani kati yake na yule msogeza mpaka asiyeonja hata bia, sitafikiri mara mbili.

Kwa wewe uliyetenda, na unasoma hili ukijiona umeshaoza: chunga sana ule msemo wa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeona wanaume wakiutumia vibaya. Anaanza na nyumba ndogo, dhamiri inamsuta, anaacha kwenda kanisani maana "sitaki unafiki". Baadaye anaacha kuhudhuria vikao vya ukoo, mwisho anaacha hata kulipa ada za watoto, kwa kuwa ameshajiita mbaya na mbaya hadaiwi kitu. Hapana, kaka yangu. Lipa ada. Nenda kamwone mama yako kijijini. Dhambi moja haikupi likizo kwenye mema mengine, na mara nyingi hayo mema madogo ndiyo kamba utakayoishika siku ukitaka kutoka shimoni.

Kuna mahali ambapo swali lenyewe halifai kuulizwa kwanza. Mume anayempiga mkewe, au mtu mzima anayemgusa mtoto: hapo usije kuniambia "lakini ni mtu mwema, anasaidia sana ukoo". Nimeshaona kesi za namna hiyo zikimalizwa kwa mbuzi na pipa la mbege, na mtoto anaendelea kulala nyumba moja na mkosaji. Hayo si mambo ya isale. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Wema wake mtaujadili mhanga akiwa salama.

Mama yetu bado anapika misibani. Mwanachama mmoja, yule ambaye mwanawe alichelewa shule, alijitoa kikundini na mpaka leo hamsalimii. Niliombwa mara kadhaa nikaongee naye, mimi mzee wa kanisa, nimwambie asamehe. Nilikwenda kumpelekea fungu lake la marejesho, nikanywa chai, nikaaga. Hilo la kusamehe sikuligusa.