Atenueta peke yake haitoshi kupima moduli za masafa marefu

Mkuu, umesema umefunga atenueta (kifaa cha kupunguza mwanga) kati ya moduli mbili za 10G, yaani vifaa vya kutuma na kupokea data kwa mwanga wa faiba kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, ukashusha mwanga mpaka -23 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kuwa hasi, mwanga ni hafifu zaidi), hukuona kosa hata moja, na sasa unauliza kama zinafaa kwa laini ya kilomita 80. Bado hujajua. Ulichopima ni uwezo wa kipokezi kusoma mwanga hafifu. Laini ndefu hupunguza mwanga, sawa, lakini pia huuharibu umbo, na atenueta haigusi umbo.

Nasema hivi kwa sababu liliwahi kunikuta. Tulikuwa na laini ya kilomita 70 na moduli za kilomita 40, tukaamua kufidia upotevu kwa amplifaya ya mwanga. Mezani na atenueta, kila kitu safi. Tulipowasha laini yenyewe, mita ilisoma -12 dBm, mwanga wa kutosha kabisa, ila kaunta ya makosa ilikuwa inakimbia. Tukasafisha konekta, tukabadili moduli, tukaongeza mwanga kwa desibeli 2. Makosa yalibaki palepale. Dalili hiyo ishike sana: mwanga ukiongezeka na makosa yasipungue, tatizo si uchache wa mwanga.

Hesabu ilikuwa wazi, ila tulichelewa kuipiga. Faiba ya kawaida ya modi moja, kwenye nanomita 1550, hutawanya mwanga kwa pikosekunde kama 17 kwa kila nanomita kwa kila kilomita. Kwa kilomita 70 unapata pikosekunde 1,190 kwa kila nanomita. Mwanga wa moduli ya 10G ukiwa na upana wa karibu nanomita 0.1, kila pigo linatanuka kwa pikosekunde zipatazo 119, na nafasi ya biti moja ni kama pikosekunde 100 tu. Biti zinapandiana, na amplifaya inakuza mparaganyiko huo huo.

Kwa hiyo tafuta marobota ya faiba halisi (faiba ndefu iliyoviringishwa), uyaunge mpaka yafike urefu wa laini yako, kisha weka atenueta mwishoni kabla ya kipokezi. Pima makosa kwa viwango kadhaa vya mwanga, kwanza bila robota, halafu nalo, uchore mistari miwili ya makosa dhidi ya mwanga. Pengo kati yake, kwa desibeli, ndiyo adhabu ya mtawanyiko, na lazima uitoe kwenye akiba yako ya mwanga, yaani ule unaozidi kiwango cha chini anachohitaji kipokezi. Mstari wa pili ukilala badala ya kuendelea kushuka mwanga unapoongezeka, moduli hiyo haifiki huko. Na usipime kwa sekunde kumi! Kudai kosa moja kwa biti trilioni, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji biti trilioni 3 bila kosa, yaani kama dakika 5 kwa kasi ya 10G. Mimi huacha usiku kucha.

Kama laini ina amplifaya, kuna kelele pia, yaani mwanga wa ziada usiobeba data. Ichanganye na ishara kabla ya atenueta, ushike mwanga wa kipokezi palepale huku ukipandisha kelele taratibu. Ukishusha mwanga peke yake, ishara na kelele hushuka pamoja na uwiano wake haubadiliki.

Kwa moduli za 100G za kohirenti (zinazosoma awamu ya mwanga pia, si ukali wake tu), mtawanyiko hurekebishwa na chipu, hivyo wasiwasi unahamia kwenye polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) inayobadilika ghafla na kwenye usahihishaji wa makosa. Angalia namba ya makosa ya kabla ya kusahihishwa. Trafiki inaweza kuonekana safi kabisa huku chipu imebakiza nafasi ndogo, na ikizidiwa laini inakatika mara moja. Kama huna mtambo wa kuzungusha polaraizesheni, tikisa kipande cha faiba kwa mkono huku ukitazama namba hiyo. Si kipimo cha kuandika kwenye ripoti, ila mara mbili kimenionyesha moduli mbovu kabla haijaenda kufungwa.

Moja la usalama: usiziunge moduli za kilomita 80 moja kwa moja bila atenueta. Vipokezi vyake vingi huzidiwa mwanga ukivuka -7 dBm, na vingine huungua.

Ukishapima na robota, weka hapa namba za mistari yote miwili tuzitazame.