Ule mlio wa msumeno ni gitaa

Umeuliza kama bendi za def metali (roki nzito yenye sauti za kunguruma) za Sweden hurekodi msumeno wa mashine kweli. Hapana ndugu, lile ni gitaa. Siri ni pedali ya Kijapani, kijisanduku cha kukwaruza sauti ya gitaa, Boss HM-2, iliyotoka miaka ya 1980. Ina vinobu vinne tu. Vijana wa Stockholm walivizungusha vyote hadi mwisho, nyuzi wakazilegeza, gitaa likanguruma kama linapasua gogo. Isikilize albamu ya kwanza ya Entombed, bendi ya vijana hao, ya 1990, iliyorekodiwa studio ya Sunlight. Weka sauti juu: yale makwaruzo ni kama meno yanaingia kwenye mti mbichi. Mwili wangu husisimka kila mara! Msumeno halisi aliuwasha Jesse James Dupree wa bendi ya roki Jackyl, Marekani, 1992.