Maswali ya Wasomaji: Tandiko la Mtumba na Mgongo wa Farasi

Tangu nitaje humu kwamba nafanya kazi kwenye mazizi ya farasi huku Kentucky, maswali ya matandiko hayaishi. Ya farasi, nasisitiza. Mama yangu nilipomwambia nimenunua tandiko la dola 600 aliuliza kitanda gani hicho.

Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 12, anajifunza kupanda farasi hapa Lexington. Tandiko jipya bei yake inatisha. Nasikia kuna maduka ya vifaa vya farasi vilivyotumika. Yanafanyaje kazi, na ninunue lipi? (Mama, Lexington)

Nzuri, mama. Maduka hayo ni mali kauli, kama tunavyoijua nyumbani. Mwenye tandiko analipeleka, duka linaliweka rafuni, na linabaki kuwa lake mpaka apatikane mnunuzi. Likiuzwa, duka linakata udalali wake, mara nyingi robo au theluthi ya bei, na mwenyewe anapewa kilichobaki. Ndiyo maana kwenye rafu moja unakuta Stübben la Kijerumani lenye umri wa kunizidi, na pembeni yake Wintec la kitambaa cha plastiki.

Jiulize kila tandiko limefikaje pale. Mmoja ameuza farasi. Mwingine mtoto wake amekua. Na yuko ambaye tandiko lilikuwa linamuumiza farasi wake, akaona ahamishie tatizo kwa mwingine. Huyo hatakuandikia sababu kwenye kikaratasi cha bei.

Kuhusu ununue lipi: kwa sasa, hakuna. Binti hana farasi wake. Darasani leo anampanda huyu, kesho yule, na kila mmoja ana mgongo wake. Tandiko ni la farasi kwanza, la mpandaji baadaye. Hela hiyo mnunulie kofia ngumu, tena mpya. Buti za mtumba sawa, suruali ya mtumba sawa, ila kofia iliyowahi kuanguka na mtu inaweza kuwa imepasuka ndani na nje inang'aa.

Nimechukua farasi aliyestaafu mbio. Duka lenye tandiko nilipendalo liko jimbo jingine. Nitajuaje litamkaa kabla sijalipa? (Ohio)

Hutajua kabla. Utajua kwenye siku za majaribio, na hizo ndizo hasa unazolipia unaponunua dukani badala ya kununua kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni. Duka lisilotoa majaribio mimi nalipita, hata liwe na bei ya huruma.

Anza na umbo la mgongo. Chukua rula laini ya kukunjika, au hanga ya waya ukiinyoosha. Tafuta mfupa wa bega, hesabu vidole viwili nyuma yake, ulaze waya pale juu ya mgongo mpaka ushike umbo. Utoe taratibu, uchore kwenye boksi gumu, ukate. Piga picha na vipimo, uwatumie. Wauzaji wazoefu watakwambia wenyewe "hilo halitamfaa," na kukutajia jingine.

Wakikubali kukutumia, kwa kawaida wanakata bei yote kwenye kadi yako, unapewa siku kama tano au saba, na nauli ya kurudisha ni juu yako. Ukilikwaruza, limeshakuwa lako. Kwa hiyo unapompanda weka kitambaa chembamba kisafi chini, na mikanda ya vikuku, yale mapete ya kukanyagia, uivishe soksi ndefu isiache alama kwenye ngozi.

Sasa liweke mgongoni tupu, bila kitambaa. Lianzie mbele kidogo kisha lirudishe nyuma mpaka likwame lenyewe, nyuma ya mfupa wa bega. Kati ya upinde wa mbele na kile kinundu ambapo shingo inakutana na mgongo vipite vidole viwili au vitatu, na nafasi ibaki hata ukishakaa. Simama nyuma uchungulie: mwanga upite katikati ya mito miwili ya chini, uti wa mgongo usiguswe popote. Kisha pitisha kiganja chini ya mito. Ikiwa inabana mbele, inabana nyuma, na katikati kuna hewa, hilo ni daraja, na uzito wako wote utaangukia kwenye ncha zake. Mwisho wa tandiko usipite ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18, na ule wa mwisho unaweza kuufuata kwa vidole kutoka tumboni hadi juu.

Mpande dakika 20, kisha mvue uangalie jasho. Mgongo wote ukiwa umelowa halafu kuna kipande kikavu, hapo ndipo panapobanwa. Hapo pakiachwa, mwakani pataota nywele nyeupe.

Jambo moja kwa hawa waliostaafu mbio: kinundu chao ni kirefu na mabega ni membamba, lakini wakilishwa vizuri na kazi ikibadilika misuli hujaa. Tandiko linalomkaa leo linaweza kumbana baada ya miezi sita. Tafuta ambalo fundi anaweza kulipanua.

Kiunzi kilichovunjika, yaani mifupa ya ndani ya tandiko, kinatambulikaje? Ngozi inaficha kila kitu. (hakutaja mji)

Inaficha kweli, na mimi ni shahidi. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipata tandiko la kuruka vizuizi, ngozi kama siagi, nusu ya bei niliyotarajia. Niliangalia mshono, nikaangalia bizimu, nikalinusa, nikalipa. Farasi niliyempanda ni mpole hata mtoto anapita chini ya tumbo lake. Wiki ya pili akaanza kulaza masikio kila nikishika mkanda wa tumbo. Wiki ya tatu fundi wa matandiko akapita zizini, akaliegemeza pajani kwake, akalivuta mara moja tu. Likalia *kwii*. Duka likasema siku za majaribio zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha.

Fanya alivyofanya yule fundi. Kaa, weka upinde wa mbele pajani, shika upinde wa nyuma kwa mikono miwili, uuvute kuelekea kwako. Matandiko mengi ya Kiingereza yana kiunzi cha mbao za tabaka na bapa mbili za chuma, kwa hiyo kunesa kidogo kama fimbo mbichi ni kawaida. Kikikunja kama daftari, kiti kikiweka kunyanzi la ghafla katikati, au kikilia, kirudishe. Kisha inua mabawa, zishike zile ncha mbili za mbele, ujaribu kuzitanua na kuzibana. Hapo mbele pasicheze hata kidogo.

La wachunga ng'ombe wa Marekani, lenye pembe (kile kishikio cha mbele), ni jingine: hilo halitakiwi kunesa kabisa. Ligeuze juu chini, bonyeza mbao zake mbili, kisha lisimamishe uisukume pembe kushoto na kulia.

Mara nyingi huvunjika farasi akigaagaa akiwa nalo mgongoni, au akianguka chali. Kuna wanaolitengeneza, ila gharama mara nyingi hupita thamani ya tandiko lenyewe. Mikanda ya kufungia iliyochakaa na matundu yaliyovutika isikutishe, hiyo hubadilishwa. Mwambie mwenye nalo apunguze bei, basi.

Mimi nakaa namba 17, lakini duka lina 15 tu na wanasema ni sawa. Wananidanganya? (Texas)

Inategemea. La Kiingereza hupimwa kwa inchi kutoka kwenye msumari wa pembeni mwa upinde wa mbele hadi katikati ya upinde wa nyuma. Lenye pembe hupimwa kuanzia chini ya pembe, na namba yake hutoka ndogo kwa kama inchi mbili. Kama 17 yako ni ya Kiingereza na hilo lina pembe, wamesema kweli. Yote mawili yakiwa ya Kiingereza, ondoka.

Lina kuvu. Niliache?

Kuvu ya juu hufutwa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, likaushwe kivulini, lipakwe mafuta ya ngozi. Kunja ukingo wa bawa: ikitokea mipasuko myembamba ya unga, ngozi imekufa, hakuna mafuta yanayofufua. Usililoweshe mafuta kwa huruma pia. Yakizidi, uzi unaoza.

Kuomba punguzo ni aibu? (Kentucky)

Aibu ya nini? Uliza limekaa rafuni tangu lini. Maduka mengi hushusha bei baada ya siku 60 au 90, na mengine humpigia mwenye mali simu ukiwa umesimama hapo hapo. Ila usimpigie muuzaji kelele, bei siyo yake.

Kaka yangu yuko Marekani, anataka kuniletea lile tandiko la pembe nimfungie farasi wangu hapa Nairobi. Aje nalo? (Nairobi)

Mwambie kaka apoe. Hilo linaweza kufika kilo 15, na begi lake la ndege ni kilo 23. Atakuja na tandiko na mswaki. Tena upandaji wa huko, kuanzia uwanja wa mbio wa Ngong hadi viwanja vya polo, ulifuata Waingereza, na usishangae ukikosa mwalimu wala fundi wa kukuelekeza.

Akuletee la Kiingereza ambalo kile chuma cha mbele hubadilishwa, kama Wintec au Bates, pamoja na vyuma vya ziada. Wintec wanavitofautisha kwa rangi: cheusi cha wastani, chekundu cha mgongo mpana. Akikuta la kawaida lenye mito ya sufu ni sawa, fundi anaweza kuongeza sufu. Ila yale ya Kifaransa ya sponji ayaache: mapya hupita dola 5,000, ya mtumba yanavutia, lakini sponji ikikaza haiongezwi, inabadilishwa mto mzima, na wa kuubadilisha yuko mbali nawe. Kabla hajanunua chochote, mpigie picha lile boksi lenye umbo la mgongo.

Na nikikosa farasi, naweza kumfunga punda?

Mgongo wa punda umenyooka na kinundu chake hakionekani. La farasi litateleza mpaka shingoni kwenye mteremko wa kwanza. Kama ni lazima umpande, anahitaji tandiko lake na ukanda unaopita chini ya mkia kulishikilia. Kama ni mizigo, mfungie shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni.