Kuhusu mdogo wako aliyekula sapu mbili uhandisi: msimhamishe kwanza

Mkuu, nimeupitia uzi wako mpaka ukurasa wa mwisho, nikaona nisipojibu nitakuwa nimeficha kitu. Kwa wanaoingia sasa hivi: mdogo wake wa kike yuko mwaka wa kwanza uhandisi umeme. Semista ya kwanza amekula sapu mbili (masomo aliyofeli, anatakiwa kurudia mtihani), hisabati na michoro ya kihandisi, na sasa anataka ahamie uhasibu. Mkuu anauliza wamwachie au wamkazie. Waliotangulia kujibu wengi wamesema uhandisi si wa kila mtu, na wawili wakaongeza "hasa watoto wa kike". Hao nitawarudia.

Mimi nimesoma uhandisi ujenzi, nikaponea chupuchupu kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, halafu kwa kichekesho cha maisha nikabaki palepale nikifundisha kwa miaka sita. Chuo sikitaji, bado nina watu pale.

Semista yangu ya kwanza nilitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 1.9. Kwetu ukimaliza mwaka chini ya 1.8 unafungasha godoro. Nilitoka shule ya kata ambayo kidato cha tatu chote hatukuwa na mwalimu wa fizikia, na mtihani wa vitendo tuliufanya kwenye karatasi, ile ya kuambiwa "mwanafunzi alipima springi akapata namba hizi". Springi yenyewe sikuiona. Kidato cha sita nilikomaa na madesa, zile notsi za kukopi, nikapata alama za kuingia, kwa hiyo nilifika chuoni nikijiona kichwa.

Kipindi cha kwanza cha michoro ya kihandisi mhadhiri alichora umbo likionekana kwa mbele na kwa juu, akasema tuchore linavyoonekana kwa ubavuni. Basi. Akatoka nje kuongea na simu. Vijana waliotoka shule za ufundi, Ifunda na Moshi, walimaliza kabla hajarudi. Mimi nilikuwa bado najiuliza rula ya T inashikwaje. Nikahitimisha kwamba wenzangu wamezaliwa na jicho hilo na mimi sikuzaliwa nalo. Hakuna aliyeniambia kwamba wale walikuwa wameishika ile rula miaka minne. Hakuna hata aliyejua kwamba nilihitaji kuambiwa.

Nikala sapu ya michoro, na hisabati nikapita kwa kuburuza tumbo.

Aliyeniokoa alikuwa jamaa wa chumba cha jirani, mtu mzima kidogo, aliyeingia kwa cheti cha ufundi baada ya miaka kadhaa ya kazi kwa makandarasi. Tulimwita Mzee. Jioni moja alinikuta nimeukodolea mchoro macho, akaenda kwake akarudi na kipande cha sabuni ya mche na wembe. Akaikata lile umbo lililoko kwenye swali, akanipa mkononi, akasema: "Igeuze. Sasa chora unachokiona, usichore unachokifikiria." Tukakata maumbo mpaka sabuni ikaisha, kesho yake nikanunua nyingine. Kwenye sehemu za kukata umbo katikati tulikuwa tunaipasua sabuni kweli, tunapaka wino wa peni upande uliokatwa na kuugandamiza kwenye karatasi kama mhuri. Wiki tatu. Sapu nilipata B, isipokuwa sapu haiandikwi B, inaandikwa C hata ukifanya maajabu.

Mzee naye alikuwa na kidonda chake. Boriti angekuambia itapasukia wapi kwa kuiangalia tu, lakini ukimwekea alama ya intigro, ile S ndefu ya kwenye hesabu, anatoka jasho. Nikamfundisha hesabu, akanifundisha kuona. Tukaongezeka tukawa watano. Wote tulimaliza, na mmoja wetu tayari alikuwa ameshaandika barua ya kuhama.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kile alichofanya Mzee kwa wembe kuna watu wamekifanyia utafiti. Chuo cha Michigan Tech huko Marekani kulikuwa na mama anaitwa Sheryl Sorby, mhandisi, ambaye mwenyewe akiwa mwanafunzi somo la michoro lilimtesa. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walianzisha kozi fupi ya kufundisha kugeuza maumbo kichwani, kwa wale waliopata alama ndogo kwenye jaribio la kuingilia. Wasichana walikuwa wengi zaidi kwenye kundi hilo. Waliopitia kozi alama zao zikapanda, na wasichana wakabaki kwenye uhandisi kwa wingi kuliko wenzao ambao hawakuipitia. Kumbe "jicho" lile linafundishika kwa majuma machache. Nyie mnaosema hasa watoto wa kike, hapo ndipo hoja yenu inapovujia. Mnapima nani alichezea vyuma utotoni, halafu mnaita akili.

Nilipoajiriwa kama mkufunzi msaidizi nilipewa vipindi vya mazoezi vya mekanika (somo la nguvu na mwendo) mwaka wa kwanza. Watu zaidi ya 180, ukumbi mmoja, ubao mmoja, chaki. Utaratibu niliourithi ulikuwa hivi: unaingia, unatatua maswali matano ubaoni, wao wanakopi, mnatoka. Nilifanya hivyo mwaka mzima na nikajiona nafundisha vizuri kwa sababu walikuwa kimya na daftari zimejaa. Testi ya kwanza ilikuja wiki ya nane. Nikasahihisha karatasi zile usiku kucha nikiwa naona aibu. Walikuwa wameikopi mikono yangu.

Mwaka wa pili nikaingia na ndoo mbili za maji, lita tano kila moja, kamba, makapi mawili (yale magurudumu ya kupitishia kamba) na mzani wa springi wa kupimia samaki. Nikawaonyesha kwanza: ndoo moja ikining'inia kwenye mzani uliofungwa juu, mzani unasoma kama kilo tano. Halafu nikawauliza: nikiulaza mzani katikati, ndoo moja huku na nyingine kule, kamba zimepita juu ya makapi, utasoma ngapi? Kila mtu aandike jibu kwanza, marufuku kuongea. Wengi waliandika kumi. Wachache wakaandika sifuri, maana zinavutana zinakatana. Nikasema geukia jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi.

Mkuu, ule ukumbi uliwaka kama kijiwe cha kahawa siku ya Simba na Yanga. Na waliwaka kwa Kiswahili. Dakika tano baadaye nikaachia ndoo, mzani ukasoma tano. Kukawa kimya, halafu msichana mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti, "Kwani kule juu dari si lilikuwa linavuta pia?" Ndiyo jibu lenyewe. Mzani ukiwa umening'inia, dari ndiyo ndoo ya pili. Sijawahi kueleza sheria ya tatu ya Newton, kwamba ukivuta kitu nacho kinakuvuta kwa nguvu ileile, vizuri kama yule binti alivyoieleza kwa sentensi moja, na mwaka mzima uliotangulia ningekuwa nimemkalisha kimya akopi.

Hilo la lugha naomba nilisimamie kidogo. Vyuo vyetu mhadhara ni kwa Kiingereza, na mtihani pia. Sawa, sipingi. Lakini mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili mpaka la saba, akaingia kidato cha kwanza lugha ikageuka juu yake, akiwa chuoni anakuwa na kazi mbili, kuelewa kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) na kutafuta sentensi ya kuulizia. Anaamua asiulize. Mhadhiri anaona kimya, anadhani wameelewa au wamezubaa. Nikaweka kanuni: bishaneni kwa lugha yoyote, jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Mwenzangu mmoja mkubwa kazini aliniambia nashusha hadhi ya chuo, tena akasema haya ni michezo ya shule ya msingi. Nilimpelekea uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu: madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8, na yale ambayo wanafunzi wanafanya kazi humohumo darasani asilimia 21.8. Alisoma, akasema Marekani ni Marekani. Sikubishana, alikuwa anakaribia kustaafu.

Nisije nikajipaka mafuta, yapo niliyoharibu. Niliunda vikundi vya watu watano watano kwa mpangilio wa majina, nikidhani nimekuwa wa haki. Wasichana walikuwa wachache, kwa hiyo karibu kila kikundi kikapata mmoja. Baada ya mwezi nikapita karakana nikaona jambo: kila kikundi, vijana wameshika vifaa na msichana ameshika kalamu. Yeye ndiye katibu, maana "ana mwandiko mzuri". Mwisho wa semista ripoti ni nzuri na yeye hajawahi kufunga bolti. Mwaka uliofuata nikawaweka wawili au watatu pamoja, hata kama vikundi vingine vikabaki vya wavulana watupu, na kalamu ikawa inazunguka kila wiki kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji falsafa yoyote. Ovaroli za karakana zote zilikuwa saizi za wanaume. Choo cha wanawake kilicho karibu kilikuwa jengo la utawala, ng'ambo ya uwanja. Kwenye mafunzo kwa vitendo kuna binti alirudi ameandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu wiki nne za kupanga mafaili na kuchemsha chai, na msimamizi kule alikuwa amesaini bila aibu.

Kosa la pili lilikuwa kudhani wanaofeli wanahitaji maswali mepesi. Nilianzisha darasa la jioni la "wenye matatizo". Walikuja kumi na wawili, wiki ya tatu wakabaki wanne. Nani anataka kuonekana anaingia kwenye chumba hicho? Baadaye nikakutana na habari za Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha Berkeley, California. Miaka ya 1970 alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi pale wanafeli kalkulasi, ile hisabati ya mwaka wa kwanza. Walimu wenzake walimwambia hawana ari, au msingi mbovu, au familia haziwasukumi. Akaenda kuishi nao karibu awatazame. Akakuta wanasoma sana, ila kila mtu peke yake. Wenzao wenye asili ya China walikuwa wanasoma pamoja, wanakula pamoja, wanakosoana. Hakuanzisha darasa la wadhaifu. Alianzisha vikao vya kutatua maswali magumu kuliko ya darasani, akawaita kwa heshima ya watu wanaotazamiwa kufanya vizuri, na wakafanya vizuri kweli. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mzee. Hakuwahi kuniita mdhaifu. Alinipa wembe.

Nikabadilisha jina, nikabadilisha maswali, nikawachanganya waliotoka ufundi na waliotoka kidato cha sita kwa makusudi, na nikaanza kutoa jaribio la dakika kumi kila Ijumaa, lenye alama kidogo zisizoweza kumtisha mtu. Kusahihisha karatasi 180 kila wiki ni adhabu, nilikuwa nawapa wakasahihishane. Faida yake ni kwamba wiki ya pili tu mtu anajua amepotea, hasubiri wiki ya nane akiwa tayari kwenye shimo.

Sasa mdogo wako. Kabla ya barua ya kuhama, muulize anasoma na nani. Akikujibu anasoma peke yake chumbani mpaka saa nane usiku, umeshapata jibu la sapu zake mbili. Muulize pia kabla ya chuo aliwahi kuchora michoro ya kihandisi wapi. Na muulize, mkiwa wawili tu, kama kuna mtu pale anamsumbua. Mhadhiri, au hata mwanafunzi mwenzake. Hilo likiwepo ni suala jingine kabisa na msilitibu kwa kumwambia akazane kusoma.

Kama hayo mawili ya kwanza ndiyo shida, hana tatizo la akili. Atafute wenzake watatu au wanne kabla ya sapu, mmoja awe ametoka ufundi. Wasikae kusomeana madesa, wakae na maswali ya mitihani ya nyuma na kila mtu aeleze lake kwa mdomo. Kundi la simu la kutumiana majibu yaliyopigwa picha halihesabiki, hilo ni kukopi kwa njia ya kisasa. Aende ofisini kwa mkufunzi msaidizi akiwa na swali moja aliloanza akakwama katikati. Ukienda na "sijaelewa" unamfukuza mtu, ukienda na nusu ya jibu anavuta kiti. Nakuambia kama niliyekuwa nakaa upande wa pili wa meza.

Na akifaulu sapu halafu bado moyo uko kwenye uhasibu, mwacheni aende, uhasibu ni kazi ya heshima. Ila ajue kuhama si kushuka daladala moja upande nyingine, kuna taratibu za chuo, za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na za Bodi ya Mikopo, aulize mapema bumu lake, ile pesa ya mkopo, litakuwaje. Ninachokataa ni kuhama akiamini hakuzaliwa na jicho.

Sabuni anunue miche miwili. Wa kwanza huwa unaharibika wote.